Kwenye Mfumo Bado Yupo

Kwenye simu, mke wangu alikuwa hai. Nilikuwa nimemzika mwenyewe, udongo umeniingia mpaka kwenye kucha, lakini nikifungua ukurasa wa uhamiaji namkuta palepale chini ya jina langu, ameinamisha shingo kidogo kama kawaida yake, na pembeni ya picha kuna kitone cha kijani. Kitone cha kijani maana yake taarifa zako ziko sawa, upo, unatambulika. Changu kilikuwa cha kijani. Cha binti yetu vilevile. Kaya ya watu watatu.

Mke wangu alinifundisha mwenyewe kuutumia ukurasa huo. Mimi shule niliiacha njiani, kwa hiyo ujumbe wowote wa serikali alikuwa anausoma yeye. Alipoanza kuumwa alinikalisha ukingoni mwa kitanda akanipa simu.

"Wakileta ujumbe, ingia hapa, bonyeza thibitisha. Halafu hapa. Halafu hapa. Usipitwe, baba. Ukipitwa wanatufuta, na miaka yote hii inakwenda na maji."

Basi nikawa nabonyeza. Ujumbe ukinikuta kazini nafuta mikono kwenye aproni, nabonyeza changu, cha binti, na chake. Simu inajibu: Asante, taarifa zenu ni za sasa.

Msinione mjinga. Baada ya mazishi nilikwenda ofisini kwao na cheti cha kifo nimekikumbatia kama mtoto mchanga. Kijana wa dirishani hata hakukigusa. Akaniambia hospitali imeshaandika, mfumo utajisasisha wenyewe. Nikarudi siku nyingine, dirisha lingine, jibu lilelile. Wakubwa wameketi huko ghorofani, wamenunua mashine ifikiri badala yao, na sasa hafikiri mtu wala mashine. Nikarudi zangu nyumbani. Kama serikali inasema mke wangu yupo, mimi ni nani wa kubishana na serikali?

Kazi yangu ni kunyoosha shuka za hoteli. Chumba chenyewe hakina dirisha. Shuka zinaingia kwenye roli za mashine ya pasi zikiwa mbichi, zinatokea upande wa pili zimenyooka na zina joto, na mvuke unatanda mpaka unamsikia mwenzako bila kumwona. Humo ndimo tulimokuwa tukionana, mimi na mke wangu. Shuka inatoka inapepea, naiona imeshikwa pembe za upande wa pili, kama tulivyokuwa tukikunja shuka zetu nyumbani: yeye anakuja mbele, mimi naenda mbele, tunakutana katikati, vidole vinagusana.

"Umebonyeza?" ananiuliza.

"Nimebonyeza."

"Basi tupo."

Wenzangu, walionibandika jina la Pasi, walikuwa wakicheka. "Pasi anaongea na shuka tena! Pasi, zikikujibu utuite!"

Nilikuwa nawaacha wacheke. Zilikuwa zinajibu.

Halafu ukaja ujumbe ambao haukuwa wa kuthibitisha. Binti alinisomea jikoni, amesimama, koti bado mwilini. Ombi letu la ukaazi wa kudumu limefika hatua ya mwisho. Waombaji wote wafike wenyewe. Akikosekana hata mmoja, ombi la kaya nzima litafungwa.

Binti alikuwa amemaliza uuguzi. Wodi ya watoto walikuwa wanamtaka, lakini bila ukaazi wa kudumu hawamwandiki. Ombi likifungwa tunaanza upya, na hapa mtu anayeanza upya anahesabiwa kama ameshuka jana na begi lake.

"Baba," akasema, "mama bado yupo kwenye mfumo?"

"Yupo."

"Na wewe umekuwa ukimthibitisha?"

"Si alinifundisha yeye."

Akaniangalia. Nilidhani atalia, akacheka kicheko cha mtu aliyechoka. "Baba yangu wewe! Sasa tutamleta vipi?"

Siku yenyewe ilikuwa kama naiota. Ukumbi wao una zulia nene, hatua hazisikiki, watu wanapita kama wanaelea. Juu ukutani namba zinawaka na kuzimika, na kila ikiwaka mtu mmoja anainuka bila sauti na kupotelea nyuma ya kioo. Karibu yangu kulikuwa na kiti kitupu. Mama mmoja alitaka kukikalia, nikajikuta nimekiwekea mkono. "Kina mtu," nikamwambia. Binti akageuza uso.

Namba yetu ikawaka. Karani alikuwa binti wa rika la binti yangu, sweta kaitupia mabegani.

"Shikamoo, mzee. Habari, dada. Mama yuko wapi? Naona mko watatu."

"Muulize mfumo wako."

"Baba," binti akaninong'oneza.

Nikaweka cheti mezani. Karani akakisoma chote, wa kwanza kukisoma tangu kiandikwe. "Poleni sana. Lakini mzee wangu, mbona umekuwa ukimthibitisha marehemu?"

"Na nyinyi mbona mmekuwa mkipokea? Kila mara mnaniambia asante. Huo mfumo una adabu kuliko nyinyi mlioajiriwa."

Alitaka kucheka, akajizuia. Akaandika, akasoma, akasita.

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu, mzee."

"Sema, mwanangu. Nimeshazika mimi."

Akageuza skrini kidogo, akashusha sauti. Mke wangu alikuwa ametimiza masharti yote kabla hata hajaugua. Faili lake lilikuwa linasubiri mkubwa mmoja aliidhinishe. Mkubwa huyo akahamishwa. Aliyekuja baada yake hakulifungua.

Mwanamke yule alikuwa akiamka usiku kuangalia simu kama wamejibu. Alikufa akiniuliza kama wamejibu.

"Basi mwidhinisheni leo," nikasema. "Kwenu bado yu hai. Kitone hicho hapo. Mpeni kilicho chake, halafu mimi mwenyewe nitamwondoa."

"Siwezi, mzee. Nikimwidhinisha marehemu, faili lote linakuwa la uongo. Mnapoteza wote, wewe na dada hapa."

"Na uongo wenu nyinyi nani anaufungia faili?"

Alitazama mikono yake. Nikaona hata yeye ni wa kutumwa tu, wa juu hawakai madirishani.

"Mabadiliko yanafanywa na mwenye akaunti," akasema taratibu, "kwa kidole chake. Ukimwondoa mama, miaka yako ya kazi inatosha, na dada anapata kupitia kwako. Lakini iwe leo, kabla sijafunga."

Akanisogezea skrini. Yule pale, shingo ameinamisha. Sauti za ukumbi zikaenda mbali, kioo kikaingia ukungu, na ndani ya ukungu nikamwona ameshika pembe zake mbili za shuka, ananingoja nije mbele.

"Baba," binti akasema. "Mama angesemaje?"

"Angesema nibonyeze."

"Sasa je?"

"Alinifundisha kubonyeza kwamba tupo. Hiki hakunifundisha."

Binti aliuweka mkono wake mgongoni kwangu, mkono wa muuguzi, na nikawaza watoto wa wodi ile watakaowekewa mkono huu.

Nikabonyeza. Mashine ikauliza: Una uhakika? Miaka yote hapa, hiyo ndiyo mara ya kwanza kuulizwa kitu. Nikabonyeza tena.

Kitone kikawa cha kijivu. Picha yake ikateleza pembeni polepole, ikatoka, na ya binti ikapanda juu kushika nafasi, kama watu wanavyosogea kwenye benchi mwenzao akiinuka. Kaya ya watu wawili.

"Hongera, mzee," karani akasema, machozi yakimlengalenga machoni. "Hongera, dada. Mmepata."

Binti alinikumbatia. Nikampigapiga mgongoni, nikamwambia twende.

Nje, kwenye ngazi zao pana, nikakaa. Watu waliokuwa wakipanda wakawa wananikwepa. Mlinzi akashuka mbio.

"Mzee, hapa haparuhusiwi kukaa. Sogea, sogea."

Sikusogea. Kifua kilikuwa kimefunguka, na kilichokuwa kinatoka sikuweza kukizuia, mbele ya jengo lao, mchana kweupe. Binti akakaa nami, akaniegemea.

"Tuache kidogo, kaka," akamwambia. "Tumefiwa."

"Loo, poleni. Lini?"

Binti akanitazama.

"Sasa hivi," nikasema.

Mlinzi akavua kofia. Akasimama mbele yetu akiipa ofisi mgongo, akawa anawaonyesha watu kwa mkono wapite upande wa pili.