Mwaka Nilionyamaza

Machibya aliponioa mwaka 1974, ng'ombe walitoka, ngoma ikapigwa siku mbili, na ukoo mzima ukasema ndoa imetimia. Kanisani hatukufika. Mimi nilikuwa nimebatizwa Mariana tangu utoto, yeye hakuwa na dini, na aliniambia mambo ya padri tutayafanya baadaye. Nikamwamini. Tukazaa, tukahama Shinyanga na mifugo yetu mpaka Mpanda, tukapata majaruba ya mpunga Mwamkulu, binti yetu Nyanzala akakua na kuolewa Kawajense, kule mjini, na hiyo baadaye ilikuwa bado haijafika.

Mke ambaye ndoa yake haijabarikiwa hapokei Komunyo. Padri Onesphore alikuwa anakuja kigangoni kwetu kila baada ya miezi mitatu, barabara ikiruhusu. Siku hiyo wenzangu wakisimama kwenda mbele, mimi nilibaki kwenye benchi, navuta miguu pembeni ili wapite. Nilizijua nyayo za kila mama wa Mwamkulu. Sala yangu ilikuwa moja: Bwana, hata mara moja tu kabla sijafa.

Lakini sikuishia kwenye sala. Machibya akikamua, namkumbusha. Akila, namkumbusha. Akijifunika shuka alale, namkumbusha. Mwaka 1993 akachoka, akaenda kujiandikisha kwa katekista Apolinari kwenye mafundisho ya jioni, akawa anakaa benchi moja na vijana wa umri wa wanawe. Sala zilimpiga chenga. Mtu anayeweza kukutajia ng'ombe, mama yake na bibi yake mpaka vizazi saba, alikuwa anaanza Nasadiki anatokea kwenye Salamu Maria.

Hata hivyo alisoma miaka miwili. Juni 1995 Padri akaja kuwapima wale wanaotaka ubatizo. Walikaa mbele, sisi ndugu tukakaa nyuma yao. Machibya alijibu vizuri kuliko nilivyotegemea. Mwishoni Padri akamuuliza swali analomuuliza kila mtu.

"Mzee Machibya, kwa nini unataka kubatizwa?"

"Ni huyu mama Nyanzala, Padri. Nikienda zizini yupo, nikienda kulala yupo. Nikaona bora nibatizwe nipumzike."

Kanisa lote likacheka. Padri naye alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaivaa, akasema kwa upole, "Kwa leo rudi nyumbani, mzee wangu. Siku utakayokuja kwa hamu yako mwenyewe, utanikuta."

Niliinamisha kichwa ili watu wasione uso wangu. Nilimkasirikia Machibya, nikamkasirikia Padri, na nikiri ukweli, nilimkasirikia hata Mungu. Niliona Amenionyesha chakula kisha Akafunika sahani.

Wiki ile tulikuwa tunavuna. Jirani yangu Vénérande, aliyezaliwa Burundi na kuolewa kwetu, alikuja kunisaidia kukata mpunga. Nikamwaga yote ya moyoni. Alinisikiliza mpaka mwisho wa jaruba, halafu akacheka.

"Dada, hata mimi ningekuwa Machibya ningebatizwa nipumzike."

"Nyie mnacheka, mimi nateketea."

"Nakuuliza. Hiyo kazi ya kumgeuza mumeo umempa Mungu, au mnafanya wawili?"

Nilishika mundu nikaanza mstari mwingine.

"Kama umempa, mwachie. Muombee mzee wako, ila mdomo ufunge."

"Mpaka lini?"

"Hilo nalo mwachie."

Jioni ile nilipiga magoti kando ya kitanda nikaweka ahadi: kuhusu kanisa, Machibya asisikie tena neno kutoka kwangu. Nimewahi kufunga Kwaresima nzima nikiwa na mimba, nikiwa na homa, lakini kufunga huku kulikuwa kugumu zaidi. Wiki ya kwanza nilikuwa nang'ata ncha ya kanga. Maneno yalinijaa mdomoni kama maji, nikayameza.

Mwezi wa pili Machibya akaanza kuniangalia kwa wasiwasi.

"Unaumwa?"

"Siumwi."

"Mbona husemi?"

"Niseme nini?"

"Yale ya kwako."

"Ya kwangu yapi, baba Nyanzala? Leta kibuyu, maziwa yasimwagike."

Alinipa kibuyu, akakaa kwenye kigoda chake muda mrefu bila kukamua. Ng'ombe akageuka kumtazama.

Mvua zikaja, tukapandikiza, tukapalilia. Siku za Padri alinipeleka kwa baiskeli kama kawaida, akangoja nje. Siku moja baada ya Krismasi aliingiza ng'ombe zizini mapema, akanawa, akavaa shati. Nikajua anakokwenda, kwa sababu alichukua lile daftari lake la mafundisho kutoka darini. Nilitaka kuruka. Badala yake niliendelea kuchambua mchele, nikamwambia atakuta ugali umefunikwa. Kuanzia hapo alikwenda kila Jumanne na Alhamisi. Akirudi anaisema Nasadiki peke yake zizini, na mimi jikoni namfuata kimoyomoyo. Akikosea najibana nisimsahihishe. Jioni moja aliifikisha mpaka Amina. Nikaunguza mboga.

Juni 1996 Padri akarudi kuwapima. Nilikaa nyuma. Swali likafika.

"Mzee Machibya, kwa nini unataka kubatizwa?"

Alisimama, kofia mkononi.

"Padri, namleta mke wangu kila unapokuja, nangoja dirishani. Zamani kelele zake zilinifanya nisitazame. Mwaka huu amenyamaza, nikatazama. Watu wote wanakwenda kula, yeye anavuta miguu wapite. Wakirudi anawatabasamia. Miaka ishirini na miwili. Mimi sijawahi kungojwa na mtu namna hiyo. Nikasema, huyu Yesu anayengojwa hivi, ngoja nimjue mwenyewe."

Safari hii hakuna aliyecheka. Padri aliinama kwenye kitabu chake, akaandika. "Jina la ubatizo?"

"Nathanael."

Misa ilikuwa kesho yake. Nyanzala alikuja kutoka mjini na gauni lake la harusi ili nilivae, likagoma kufunga mgongoni. Vénérande aliyekuwa analivuta akasema, "Mungu ana wakati Wake, lakini hili gauni wakati wake umepita." Tulicheka mpaka tukakaa chini. Nikavaa kitenge changu kipya. Machibya akabatizwa, maji yakamwingia masikioni akatikisa kichwa kama ndama. Kisha tukaitwa wote wawili tukaunganishwa mikono mbele ya watoto wetu na wajukuu, na akina mama wakapiga vigelegele hadi watoto wachanga wakalia.

Ulipofika wakati wa kwenda mbele, miguu yangu ilijivuta pembeni yenyewe. Machibya akanishika kiwiko. "Simama, mama. Leo na sisi tumo."

Nilipokea. Sitaweza kuandika yaliyokuwa moyoni, na sidhani yanaandikika. Nilirudi kwenye benchi, nikafunga macho, machozi yakatiririka nikayaacha. Nilikuwa nimejiandaa kuishukuru miaka yote, ya mimba na ya vumbi la safari, ya kelele zangu na ya ukimya, nikiwa nimekaa kwa utulivu mbele za Bwana. Mara nikasikia mnong'ono sikioni.

"Padri anarudi lini?"

"Septemba," nikamjibu bila kufumbua macho.

Akahesabu kwa vidole.

"Miezi mitatu? Mbona mbali hivyo? Mtu anangojaje miezi mitatu?"

Nilijaribu kujizuia, nikashindwa. Kwaya ilikuwa imeanza wimbo wa shukrani, na wanaotukumbuka wanasema siku ile Mariana aliimba wimbo mzima kwa kucheka.