Kufikiri kwa Sauti

Walimwita Kimya tangu utotoni, na jina likamganda. Hakuwa na kiburi, jamani. Maneno tu yalimwia mazito. Ila umpe kompyuta. Java, lugha ya kuandikia programu, alikuwa ameishika barabara, na programu zake zilifanya kazi bila makelele, kama mwenyewe.

Lakini kampuni za siku hizi haziridhiki na jibu peke yake. Zinataka uandike programu mbele yao huku ukifikiri kwa sauti. Mara mbili Kimya alitoa jibu sahihi, na mara mbili akaambiwa asante, ila hatukujua ulikuwa unawaza nini. Mara ya pili alijifungia chumbani akalia. Wasaili wale wangemwona, wangeona haya.

Usaili wa tatu ulikuwa wa video, na kazi hii aliitaka kufa kupona. Nyuma yake, kwenye kochi, alikaa baba yake, macho yamefungwa bandeji baada ya upasuaji. Giza lilimtia mzee hofu ambayo hakuikiri. Binti akinyamaza kidogo tu, huuliza, "Mwanangu, upo?" Naye hujibu, "Nipo, baba. Naosha vikombe. Sasa naja kwako." Tangu mzee atoke hospitali, Kimya alikuwa amesema maneno mengi kuliko miaka yake yote.

"Leo nafunga mdomo," mzee aliahidi. "Hata nzi akinitua puani."

Msaili alikuwa mama mmoja mwenye miwani. "Una orodha ya majina ya wateja," alisema. "Tafuta jina la kwanza ambalo halijirudii. Na tafadhali, utueleze unavyofikiri."

Jibu lilimjia palepale. Maneno yakagoma. Vidole vikakimbia, chumba kikatulia, na msaili akainama kuandika kitu. Kimya alikijua, maana alishaambiwa mara mbili.

Mzee alivumilia weee, akashindwa.

"Mwanangu, upo?"

"Nipo, baba," alijibu bila kufikiri. "Nasoma majina moja moja. Kila jina naliweka kwenye ramani, ni kama daftari tu ndani ya programu, pamoja na idadi yake."

"Na likirudi?"

"Naongeza moja. Nikimaliza naipitia ramani, natafuta la kwanza lenye moja tu. Ngoja, baba, nimekosea. Ramani hii inavuruga mpangilio, sitajua lipi lilitangulia. Naibadilisha, naweka ile inayoshika mpangilio."

"Si mngewauliza tu wateja wenyewe?"

Msaili alicheka mpaka miwani ikamshuka. Kimya akakumbuka alipo. Uso ukamwiva, akaanza kuomba radhi.

"Radhi ya nini?" mama yule alisema. "Endelea kumweleza mzee."

Akaendelea mpaka mwisho.

Wiki iliyofuata simu ililia. Kimya alisikiliza, midomo ikamcheza, sauti isitoke.

"Upo?" baba yake aliuliza.

Akamwekea mzee simu sikioni, na yule mama mwenye miwani akarudia kwamba kazi ni ya binti yake, aanze Jumatatu.

Mzee alishusha simu mapajani. Bandeji yake ilikuwa imeanza kulowa pembeni. Kimya akapiga magoti mbele yake, akangoja, akaona kimya kinazidi.

"Baba, upo?"

"Nipo, mwanangu," mzee alisema kwa shida. "Hebu niambie tena wewe mwenyewe. Polepole."