Simsim Magotini mwa Sultani

Sultani, paka wa Hadia, alizeeka hadi viungo vikamkaza. Hata kitandani alipandishwa kama mtoto mchanga. Ndipo kliniki moja ya wanyama huko Kawangware ikamwingiza kwenye majaribio ya dawa ya baridi yabisi ya paka, bila malipo. Haukupita muda akaruka dirishani mwenyewe, na binti mdogo wa Hadia akapiga makofi.

Siku ya kupimwa, Daktari Mutinda alimpapasa magoti, kisha akanusa vidole vyake.

"Mama, umempaka nini?"

"Mafuta ya simsim tu, daktari. Sisi Wanubi, mgonjwa halali bila kusingwa, akandwe mafuta mwilini."

"Si nilisema asipewe kitu kingine? Sasa nitajuaje kama kilichomsaidia ni dawa ama ni mafuta yako?"

"Kwani shida iko wapi, na anatembea?"

"Shida ni kwamba ametoka kwa majaribio."

"Na dawa?"

"Inabaki hapa. Bado haiuzwi popote."

Kule Kibera, Hadia aliendelea kumsinga kila jioni. Mwezi haukuisha kabla Sultani hajarudi kulia chini ya kitanda, akingoja kuinuliwa. Jibu alilolitaka daktari sasa lilikuwepo, na hakuna aliyekuja kuliulizia.