Maganda Yaliyokunywa Betri

Ng'ombe wetu alianza kugonga ukuta wa jikoni kwa kichwa Jumamosi asubuhi, mwaka wa tisini na saba, wakati wa kiangazi kile kibaya. Hakuwa anajikuna. Alirudi nyuma, akaja mbio, akagonga, macho wazi lakini hayaoni. Povu lilimtoka mdomoni, damu puani. Mwendwa, msichana wangu wa miaka sita, alikuwa ndani anakoroga uji.

Nilimwita atoke. Mara ya tatu ukuta ukaanguka, miti na udongo, na ng'ombe akapita juu yake akinguruma. Nilisikia mfupa wa mguu wa mtoto ukivunjika. Ni kama mtu amevunja kuni kavu, na mpaka leo nikivunja kuni nasimama kidogo.

Mume wangu Mutembei alitoka kwa shamba la kahawa na panga mkononi. Alimkata ng'ombe shingo, akarudia, akarudia tena. Ng'ombe alianguka kando ya pipa la maji, miguu ikirusha mchanga. Mutembei alimtoa mtoto kwenye udongo, akaniuliza bila kuniangalia, "Huyu ng'ombe amekunywa maji ya wapi?"

Mimi nilijua ng'ombe amekula nini. Nikasema, "Sijui."

"Mimi najua," akasema. Akaweka mtoto kwa mikono yangu, akashika njia ya juu, panga bado linadondoka damu.

Juu yetu, mtoni, anakaa Mbaabu, ndugu mdogo wa Mutembei. Mbaabu alikuwa analeta betri za magari zilizokufa kutoka kwa magereji za Majengo. Anazipasua na shoka, anamwaga ile asidi mtoni, halafu anayeyusha risasi, ile madini nzito ya ndani, auze. Sisi wa chini tulikunywa. Watoto walishikwa na tumbo, wengine wakaanguka wakitetemeka. Wanjugu, jirani yangu, alipoenda kumwambia aache, Mbaabu alimpiga na kipande cha betri, akampasua paji la uso. Chifu alisema atakuja. Hajakuja.

Aliyetusaidia ni mwalimu Phyllis wa shule ya msingi. Alipeleka maji yetu Embu yakapimwa, akarudi na karatasi. Akatuambia kuchemsha hakuondoi risasi hata ukichemsha mpaka jioni. Akatufundisha kuanika maganda ya ndizi mbichi, kuyatwanga kwa kinu, kuchekecha, kutia konzi mbili kwa mtungi wa maji, kukoroga, kuacha yatulie, halafu kuchuja na kitambaa safi mara mbili. Alipeleka maji tena, na karatasi ya pili ilikuja na risasi kidogo sana. Tulicheka. Sumu ya gari imeshindwa na takataka ya jikoni.

"Msicheke sana," mwalimu akasema. "Risasi haijaenda mbinguni. Imeshikwa na hayo maganda. Chimbeni shimo mbali na mto, mfukie. Mnyama asiguse."

Shimo likachimbwa kwangu, kwa sababu shamba letu liko mbali na maji. Wamama kumi walikuwa wananiletea maganda yao kwa gunia kila Jumatatu.

Sasa sikiza, wewe mama unayesoma. Huku kwetu hakuna mwanamke anatupa maganda ya ndizi. Hiyo ni chakula ya ng'ombe. Nimelelewa hivyo, mama mkwe wangu alinipokea hivyo, karai ya maganda iko mlangoni kabla ya kukama. Halafu nepia, nyasi ya ng'ombe, ikakauka yote. Ng'ombe amesimama mifupa tupu, anatoa kikombe kimoja cha maziwa, na mimi nafukia gunia zima la kitu kinanuka ndizi. Nilifukia mara nne. Mara ya tano nikachanganya na chumvi, nikamwekea. Aliramba karai mpaka ikang'aa. Nikaendelea wiki sita. Mwendwa alikuwa anakunywa hayo maziwa.

Nilimwacha mtoto kwa Wanjugu nikakimbia juu. Nilipofika, Mbaabu alikuwa amechutama kwa moto, upawa mrefu wa chuma mkononi, risasi inang'aa ndani ya sufuria.

"Umeniletea nyama, kaka?" aliuliza, akiangalia panga.

"Ni damu ya ng'ombe wangu, uliyemuua. Na mtoto amevunjika."

"Ng'ombe wako hanywi huku. Bibi yako ana maji ya maganda, si anatangaza mpaka soko la Nkubu? Si ako hapo nyuma yako. Muulize."

Mutembei aligeuka akaniangalia. Maneno ya kusema yalikuwa matatu tu, ni mimi nilimlisha. Niliangalia chini.

Panga lilishuka. Mbaabu aliinua mkono wa kushoto kujikinga na mkono ukabaki unaning'inia kwa ngozi. Na ule wa kulia ukarusha upawa. Risasi ya moto ilimpata Mutembei usoni na kifuani. Alishika uso na mikono yote miwili, na ngozi ikatoka na mikono. Hapo ndipo nilisema. Nilisema kwa sauti, mara nyingi, ni mimi, ni mimi nilimlisha.

Mbaabu alikuwa amelala kwa majivu anabana mkono wake na goti. Akasema polepole, "Ungesema hapo mwanzo, shemeji."

Wanaume waliwabeba wote wawili na Mwendwa kwa pikapu moja mpaka hospitali. Mimi nilitaka kuingia. Halafu nikakumbuka mzoga.

Nilipata watu kumi na tano nyumbani, na visu. Ni kiangazi, na nyama haiozi huku kama kuna sufuria. Ngozi ilikuwa imechunwa nusu. Mtoto wa mtu alikuwa tayari ameshika ini. Nilimpokonya nikaokota shoka, nikasimama juu ya ule mzoga.

"Anayekata, namkata."

"Veronicah, weka shoka," Wanjugu akasema. "Umechanganyikiwa. Ng'ombe amekufa na panga, si ugonjwa."

"Amekufa na maganda yenu. Yale mnaniletea. Nilimlisha yote."

Wanjugu alikuja mpaka kwangu, ile alama ya betri kwa paji lake ikiwa nyekundu, akanipiga kofi, halafu la pili. Mdomo ukajaa damu. Sikuteremsha shoka. Aliniangalia sana, akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na majembe mawili. Moja akanitupia miguuni.

Tulichimba mpaka jua likazama. Tulimfukia na ini lake, na karai.

Mbaabu alikatwa mkono hospitalini. Mutembei haoni na jicho moja, na alifungwa miaka minne, hata nilipoambia korti nilichofanya. Mwendwa anachechemea, na damu yake bado inapimwa risasi. Karatasi yake naenda kuchukua mimi mwenyewe.

Maji ya maganda bado tunatengeneza, maana matope ya mto hayajapona, na yanafanya kazi. Lakini gunia likija Jumatatu, mama aliyeleta haendi kwake mpaka mimi na yeye tuone udongo umefunika.