Jua la Dirishani

Hajati Madinah alianza kuidharau nyumba ya mwanawe kabla hata hajafunguliwa geti. Ukuta ulikuwa mrefu kama wa gereza, juu umezungushiwa nyaya za miiba, na uwanja wote mwanawe huyo, Hamuza, alikuwa ameuezeka mabati ili gari lake lisichomwe na jua. Madirisha yalikuwa ya vioo vyeusi. Mtu anajenga Arua, jua linawaka mpaka mbuzi wanagombania kivuli, halafu saa nne asubuhi anawasha taa!

"Umejenga nyumba ama kaburi?" alimwuliza.

Hamuza akacheka tu. Alikuwa muuza vipuri vya pikipiki, mnene, mwingi wa maneno, na dharau za mama yake alikuwa amezizoea tangu utotoni.

Kilichomtoa Hajati kwake Koboko kilikuwa mjukuu. Kamisi alikuwa na miaka miwili na nusu na bado alitembea kwa kushika viti. Jalia, mama yake, alipomsimamisha sebuleni, Hajati alijionea: miguu imepinda nje, magoti hayakutani, viwiko vya mikono vimevimba, kichwa kimelowa jasho na feni inazunguka. Hajati alikuwa amefanya kazi ya ukunga miaka thelathini na mmoja. Akamgeukia mkwewe.

"Unalisha mutoto nini? Soda?"

"Anakula vizuri, Mama. Na dawa ya mifupa tumemnunulia, ile ya Kampala. Hata viatu vya chuma vya kunyoosha miguu, Hamuza ameshaagiza."

"Viatu vya chuma." Hajati aliyatamka maneno hayo kama mtu anayetema nzi. "Mutoto iko na taabu ya mifupa, baba yake ananunua chuma. Kweli pesa haina akili."

Usiku huo hakula chakula cha Jalia ila vijiko viwili. Machoni pake yule alikuwa binti wa dukani, asiyejua kushika jembe, anayeogopa vumbi kama wengine wanavyoogopa nyoka.

Asubuhi wakampeleka Kamisi kwenye kliniki moja ndogo. Daktari aliitwa Acidri, kijana mwenye ndevu za kuhesabika, na Hajati alimdharau yeye pia, bure bure. Acidri alimpapasa mtoto viwiko na mbavu, akaagiza picha ya mifupa, akaitazama kwa muda mrefu.

"Mifupa yake ni laini," alisema. "Amekosa vitamini D. Kwenye chakula iko kidogo sana. Nyingi mwili unaitengeneza wenyewe, ngozi ikipigwa na jua. Huyu anaota jua saa ngapi?"

Hajati aliangua kicheko. "Jua! Muulize mama yake, daktari. Anaishi Arua, mutoto anakosa jua! Mbona mama yake kulala hakosi?"

"Anaota kila siku," Jalia alisema kwa sauti ndogo. "Kila asubuhi namkalisha dirishani saa nzima, lile la chumbani ambako mabati hayafiki. Jua linamwangukia usoni."

"Dirisha liko wazi?"

"Limefungwa. Mwaka jana alilazwa kwa nimonia, sasa vumbi..."

Acidri akatikisa kichwa. "Basi hajaota jua. Kioo kinapitisha mwanga na joto, lakini mwale unaotengeneza vitamini hiyo unabaki nje. Nani alikufundisha hivyo?"

Jalia aliangalia ndala zake.

"Ni Mama," alisema. "Tulipotoka hospitali alinipigia simu. Alisema, funga dirisha, vumbi isiingie, mukalishe hapo jua imupate. Nimefanya mwaka mzima. Sijaruka hata siku moja."

Hajati aliyakumbuka maneno yale. Yalikuwa yake kabisa.

"Mimi ningejuaje vioo vyao ni vyeusi?" alisema.

"Hata vingekuwa vyeupe, Hajati," alijibu Acidri, bila kucheka.

Waliondoka na chupa ya dawa ya matone. Walipofika nyumbani Hajati alimwita Hamuza. "Toa mabati."

"Mama, gari..."

"Gari yako itapata matege?"

Jioni hiyo hiyo fundi Ondoga aliing'oa nusu ya paa la uwanja. Tangu siku ya pili, saa nne ikifika, Hajati alinyunyiza maji chini kuzima vumbi, akatandika mkeka, akamlaza Kamisi juani miguu mitupu. Jalia hakuombwa radhi. Aliambiwa kwamba maharage yake hayana chumvi.

Lakini mchana mmoja, akiosha vyombo nyuma ya nyumba, Jalia alimsikia mama mkwe kwenye simu. Alikuwa akiwapigia wanawake wa Koboko aliowazalisha, mmoja baada ya mwingine.

"Yale ya dirisha niliyowaambia, tupeni. Toeni watoto nje. Mimi nilikosea, unasikia? Nilikosea. Mukwe wangu alishika maneno yangu kuliko nyinyi wote, na ni mutoto wake ameumia."

Jalia alisimama na sufuria mkononi mpaka simu ikakatwa, kisha akaendelea kuosha.

Miguu ya Kamisi ilichukua zaidi ya mwaka kunyooka, na wa kushoto umebaki na kombo kidogo. Anakimbia nao hivyo hivyo.