Mlango wa Nyuma Kushoto

Milango ya gari la Tereza ilikuwa inajifunga yote kwa swichi moja, kasoro wa nyuma kushoto. Fundi mwingine alishamwambia anunue mota mpya ya kufuli la mlango huo. Mota gani? Siku hizi hapa Shanwe watu wanabadilisha vifaa bila hata kupima! Nikaiunganisha mota moja kwa moja na betri. Ikaruka: tak! Nzima kabisa. Basi shida ni waya.

Nikauvuta mpira wa kwenye bawaba, ule unaopitisha waya kuingia mlangoni. Waya ulikuwa umekatwa kwa plaizi, ncha zote zimefungwa vitambaa. Nikafoka, "Mshenzi gani anafunga umeme kwa matambara?"

Tereza akakishika kitambaa kimoja. "Hili ni shati la marehemu mume wangu."

Nikanywea.

"Mama mkwe hukaa upande huu," akasema. "Milango ikijifunga alikuwa anapiga kelele, eti tumemfungia kama mwizi. Siku moja akaacha. Mimi nikadhani amezoea."

"Niunganishe?"

"Acha, fundi. Jumapili nampeleka kanisani."

Nikafunga kila ncha peke yake kwa solotepu nyeusi. Vile vitambaa nikamrudishia mkononi.