Pazia la Kioo

"Umefunika?"

"Nimefunika, mama."

Hapo ndipo mama mkwe wangu anapokubali kuvua kitambaa. Kila Ijumaa mnamo saa saba mchana, vyungu vya Sabato vikiwa vinatokota jikoni, namketisha kwenye kiti cha plastiki bafuni, natundika taulo juu ya kioo, namwosha nywele na kumsuka misuko miwili. Zimebaki chache. Hakuna msuko unaofikia unene wa kidole changu cha mwisho. Nikimaliza naifunga ncha kwa uzi aliofungia maisha yake yote, uzi mgumu wa rangi ya manjano iliyofifia, na kila nikiushika hucheka kimoyomoyo, kwa sababu bila uzi huo sijui leo ningekuwa mkwe wa nani.

Ni miaka thelathini na mitatu sasa. Tumezungumza mengi, mimi na Mama Ghazala, Ghazala likiwa jina lake mwenyewe, tumegombana juu ya chumvi na juu ya majina ya watoto, lakini siku ile ya dukani hatukuwahi kuigusa.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na hapa Bnei Brak, mji wetu wa Wayahudi washika dini, msichana wa umri huo ambaye hajaolewa huonewa huruma hata na muuza samaki. Wenzangu niliosoma nao walikuwa wanasukuma vigari vya watoto. Mimi nilikuwa nauza magauni kwa Bi Fortuna, na sikuwa na kasoro yoyote ya kuonekana. Ya kutoonekana nilikuwa nayo. Nikiwa na miaka saba, asubuhi moja ya Sabato, nilivuta kitambaa cha meza, na lile birika kubwa la maji ya moto linalokaa mezani likichemka tangu Ijumaa, kwa kuwa Sabato hatuwashi moto, likanimwagikia. Kovu linaanzia chini kidogo ya shingo, linashuka bega la kushoto na kuishia katikati ya mgongo. Kwa mavazi yetu, kola juu na mikono mirefu, ungeweza kuishi nami miaka kumi usijue. Ila walikuwepo wanaojua, na hawakukosa midomo. Wachumba wawili walishakuja, wakanywa soda, wakaridhika, kisha mshenga wetu, Bi Sultana, akapiga simu kwa sauti ya mtu anayeleta habari za msiba.

Kwa huyu wa tatu mama yangu alikuwa ameshapanga mambo yake. Kijana asiambiwe mpaka uchumba upite. "Akishapenda atameza," alisema. Mimi roho haikutaka, lakini nilishachoka na simu za Bi Sultana, nikanyamaza.

Huyo wa tatu ni Hananya. Tulikutana mara mbili sebuleni kwa shangazi yangu, mlango ukiwa nusu wazi. Alikuwa mwandishi wa Torati kama baba yake, anainakili kwa mkono juu ya ngozi, kidole cha kati kina doa la wino lisilotoka, na alizungumza nami huku anaitazama glasi yake. Mara ya pili akanieleza jinsi karatasi za ngozi zinavyoshonwa pamoja kwa uzi uliotengenezwa kwa mishipa ya ng'ombe. "Vipande vinavyobaki mama hatupi," alisema. "Mifuko ya mchele, funguo, mfagio, kila kitu anafungia huo. Nyumba yetu nzima imeshikiliwa na ng'ombe." Nilicheka mpaka shangazi akakohoa jikoni. Nikarudi nyumbani nikijua kwamba nimeshapenda, na kwamba safari hii simu ikija kwa sauti ile, sitaiweza.

Kuhusu watu wake nilijua mambo mawili. Walizaliwa wavulana saba, bila binti hata mmoja. Na baba yake alikuwa mkali sana juu ya wigi. Kila mwaka alilihubiria sinagogi lake kwamba mwanamke aliyeolewa afunike nywele kwa kitambaa, asifunike nywele kwa nywele. Ndiyo maana mama mmoja alipoingia dukani Jumatatu iliyofuata asubuhi na wigi lake la kahawia, sikumdhania chochote.

Duka lenyewe lilikuwa dogo, na lilikuwa na vyumba viwili vya kujaribia nguo, kila kimoja na kioo, na kila kioo na pazia lake. Bi Fortuna ndiye aliyeyashona mapazia hayo, na sheria yake alimwambia kila anayeingia: "Vaa kwanza, jitazame baadaye." Nilipoanza kazi nilimwuliza sababu. Akaniambia mwanamke anapovua nguo hatakiwi kuwa na mkaguzi, hata akiwa ni yeye mwenyewe. Wageni walicheka. Mimi nililipenda duka lile kwa sababu ya mapazia yale, na sikuwahi kumwambia mtu kwa nini.

"Natafuta gauni la binti yangu," mama yule aliniambia. Wigi lilikuwa limemshukia karibu na nyusi. "Mna kimo kimoja, mna mwili mmoja. Ila ana haya, dukani haji ng'o. Hebu nivalie wewe nilione."

Jambo la kawaida, nilishawavalia wengi. Akachagua gauni la buluu iliyokoza, zipu nyuma. Bi Fortuna alikuwa dirishani anakata kitambaa, na pembeni yake amekaa jirani yake mmoja ambaye habari ikimwingia sikioni hufika sokoni kabla yake mwenyewe. Niliingia chumbani, nikavuta pazia la mlango, nikavua nguo yangu kioo kikiwa kimefunikwa kama ilivyo ada. Gauni lilikuwa bado halijapita mabegani niliposikia pete za pazia zikilia nyuma yangu.

"Nikusaidie zipu," akasema, na tayari alikuwa ndani, katika chumba ambacho mtu mmoja mwenyewe alijigeuza kwa kujibana. Akanyoosha mkono, akalivuta pazia la kioo. "Tuone linavyokaa."

Kilichonijia kwenye kioo ni uso wake, nyuma ya bega langu. Hakuwa anatazama gauni. Macho yalianzia shingoni yakashuka begani, yakaenda mgongoni, yakarudi tena, polepole, kama mtu anayechambua mchele wa Sabato punje kwa punje akitafuta mdudu. Alisahau kitu kimoja tu, kwamba na mimi nilikuwa natazama kioo.

Kina mama wa waposaji huku kwetu huja kuchungulia, hilo kila msichana analijua. Huja harusini, huja kituo cha basi, hujifanya wanauliza njia. Lakini kumfuata mtu mpaka anapovulia nguo sikuwa nimelisikia. Damu ilinipanda mpaka masikio yakavuma. Sikujua ni mama wa nani, nilijua tu alichokuja kutazama. Nikageuka ghafla. Akashtuka, akarudi nyuma, kichwa kikagota kwenye msumari wa kutundikia nguo, na alipoinama kujinasua, wigi likabaki pale pale msumarini.

Tukatazamana. Mimi nimeshikilia gauni kifuani, yeye kichwa wazi. Na nywele zile, ambazo hata wanawe hawakuwahi kuziona, zilikuwa misuko miwili myembamba ya mvi, inaning'inia kama ya mtoto wa shule. Ncha zake zimefungwa kwa uzi mgumu, wa manjano iliyofifia.

Mifuko ya mchele, funguo, mfagio.

"Rumya," Bi Fortuna aliita kutoka dirishani. "Kuna nini huko?" Mkasi wake ulinyamaza. Jirani naye alinyamaza, jambo lililokuwa nadra.

Sitajipamba hapa. Niliwaza. Ilikuwa inatosha kulivuta pazia la mlango shibiri moja tu. Mke wa mtu anayehubiri dhidi ya wigi, na wigi lake linaning'inia msumarini. Kabla ya sala ya mchana mji mzima ungekuwa unacheka. Simu zile mbili za Bi Sultana zilinirudia neno kwa neno, na nilitaka kuwe na mtu wa kuzilipia. Tena nilimtaka awe huyu huyu.

Ndipo akajishika kichwa. Alikiweka kiganja huku na kiganja huku, akatanua vidole, na bado nywele zilichungulia. Akavisogeza, zikachungulia kwingine. Ninajua mikono ile. Nilipokuwa na miaka kumi na miwili, ufukweni, siku iliyotengwa kwa wanawake peke yao, kanga ya kuogea iliniteleza begani na mimi nilifanya hivyo hivyo, mkono mmoja huku, mmoja huku, na kovu likanizidi mikono. Hasira yote iliniishia hapo. Ilibaki huruma, na aibu kidogo ya niliyokuwa nimeyawaza.

Kwanza nililifunga pazia la kioo, asijione. Kisha nikajibu kwa sauti ya kazini, "Zipu imekwama, Bi Fortuna. Tunaishughulikia."

Nililitoa wigi msumarini, nikalikung'uta, nikamvisha. Nililivuta sawasawa juu ya masikio, nikachomeka misuko ndani, mmoja na wa pili, bila kutazama zaidi ya ilivyohitaji kazi. Halafu nikampa mgongo, kwa kuwa zipu kweli ilikuwa bado inangoja.

Vidole vyake vilikuwa vya baridi. Aliishika zipu, akauliza:

"Ilikuuma sana?"

"Wakati ule. Siku hizi inawasha tu, baridi ikianza."

"Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Saba."

"Saba," akarudia, taratibu. Zipu ikapanda, ikalipita kovu lote, ikafika shingoni. Akanilainisha kola kwa kiganja.

"Mama," nikamwambia, "ukifika kwako sema ulichokiona. Usipunguze. Ila usiongeze."

"Nimeona nini mimi?" akasema. "Si kioo kimefunikwa."

Gauni alilinunua. Bi Fortuna alilifunga kwa karatasi nzuri, akamwombea, "Mungu akutunzie binti yako," na mama yule akaitikia amina bila kupepesa jicho. Alipotoka tu, jirani akasema wigi lile lilimkaa kama sufuria. Nikamwambia mimi sikulitazama.

Nyumbani sikusema kitu. Jumanne simu haikulia, Jumatano haikulia. Alhamisi ililia mama yangu akiwa anajaza nyama kwenye viazi, mikono imemjaa mafuta, nikaipokea mimi. Ilikuwa sauti ya Bi Sultana, na haikuwa ya msiba. "Kijana anataka kukuona tena," alisema. "Na safari hii mama yake ndiye anayenisukuma. Yule mama hajawahi kunisukuma."

Tulipokutana nilimweleza Hananya kabla hata ya soda. Mpango wa mama yangu niliuacha mlangoni. Nikamwambia nina kovu la moto, ni kubwa, liko hapa mpaka hapa, kama anataka kwenda aende sasa. Akafikiri kwa makini, kama alivyofikiri kila kitu, akasema ngozi nzuri kuliko zote alizowahi kuandikia ilikuwa na alama ya moto, ya ndama mmoja aliyetoka… Hapo akagundua amenifananisha na ndama. Akaiva mpaka masikioni.

"Sikukusudia…"

"Nimekuelewa," nikasema. Nilikuwa nang'ata shavu nisicheke. "Kwani mama yako hakukwambia?"

"Mama? Juu yako amesema neno moja tu. Amesema, huyu binti anajua kufunga pazia. Nikamwuliza pazia gani, akaniambia nikale."

Siku ya uchumba Mama Ghazala alikuja na wanawe na kitambaa cheupe kilichofungwa barabara mpaka kwenye paji la uso. Watu wakatutambulisha. Akanibusu huku na huku, akasema, ndiyo kwanza tunaonana, amefurahi sana. Halafu akaniwekea mikononi mzigo uliofungwa kwa karatasi ya Bi Fortuna. Mama yangu akaufungua kwa pupa, akalitandaza gauni la buluu, akanipimia, halafu akashangaa.

"Limemkaa kama limeshonwa juu yake. Umejuaje kimo chake?"

"Nilinunua la binti yangu," Mama Ghazala akajibu.

Mama yangu alianza kuhesabu wale wavulana saba kwa macho. Mimi nililichukua gauni nikaenda nalo chumbani, nikajifungia, nikalia kwa raha.

Hayo ndiyo tuliyoyaacha pale yalipo, miaka yote hii. Mpaka Ijumaa hii iliyopita. Nilikuwa nimeshamaliza msuko wa kwanza, nashika wa pili, taulo liko kiooni, mvuke umejaa bafuni, nami nikidhani amesinzia.

"Lilikuwa la jirani yangu," akasema.

"Lipi, mama?"

"Wigi. Kichwa chake kidogo kama cha ndege. Lilinibana siku ile, nilidhani nitakufa humo dukani mwenu."

Nilijaribu kujizuia nikashindwa. Yeye alianza kutikisika mabega kwanza, kisha kicheko kikamtoka, chembamba, hakina meno, na mimi nikakaa ukingoni mwa beseni la kuogea na msuko wake mkononi, machozi yananitiririka. Hananya akaja kutoka chumba chake cha kuandikia, akagonga mlango.

"Kuna nini huko?"

Mama Ghazala alijipangusa macho kwa ncha ya taulo la mabegani, akakaa sawa.

"Zipu imekwama," akamwambia mwanawe. "Tunaishughulikia."

Tulimsikia akisimama pale nje kidogo, kisha nyayo zake zikarudi mezani kwake. Nikachukua uzi, nikafunga msuko wa pili.